Papa Sylvestre na Kilima cha Harold

Mmeniuliza kila mahali: msikitini, kazini, na kwa kinyozi wetu wa Matonge ambaye alizima mashine katikati ya kichwa changu ili asikie vizuri. Ni kweli nilivaa kofia ya chuma? Ni kweli yule mzee alipigana na Wazungu kilimani? Kila nikianza kueleza, basi linafika, au simu inalia, na hadithi inakatika. Kwa hiyo nimekaa kuiandika yote. Mambo ya karatasi na tiketi nayaruka, kwa sababu hata mimi nilisinzia nikiyafanya.

Woluwe hadi Gare du Nord

Kwa wasionijua: mimi ni Rajabu, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na kazi yangu hapa Brussels ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Papa Sylvestre ni mmoja wao. Anaishi Woluwe-Saint-Lambert kwa binti yake Clarisse, ambaye ni muuguzi. Huko Bukavu alifundisha historia ya sekondari maisha yake yote, na katika historia yote ya dunia kuna siku moja iliyomkaa moyoni: ile siku, mwaka 1066, Guillaume wa Normandie alipompiga Harold, mfalme wa Waingereza; asubuhi mfalme ni Harold, jua linapozama Harold amekufa na nchi ni ya Guillaume. Aliichora ubaoni kila mwaka, misalaba kwa Wasaksoni wa Harold walio juu ya kilima, viduara kwa Wanormani wa Guillaume walio chini. Kilima chenyewe hakuwahi kukiona.

Sasa nyonga yake ya kushoto imeisha. Daktari alishapanga kumwekea ya bandia, Jumanne, hospitali iliyo nyuma ya nyumba yao. Papa alikubali kwa sharti moja.

"Nitaenda kwanza kuona kile kilima," alimwambia Clarisse. "Kiisha mutanikata vile munapenda."

Clarisse alipinga wiki nzima. Alisema barabara ni ndefu, mvua ya Uingereza haina adabu, na yeye hana likizo. Mwishowe akaniita jikoni.

"Rajabu, ndugu yangu, utaenda naye. Asianguke. Unasikia? Akianguka, opération hakuna, na miye nitakutafuta."

Asubuhi ya Ijumaa tukatoka. Papa alivaa suti yake ya kahawia na tai, kama mtu anayekwenda kutahini. Mkono mmoja ulikuwa na fimbo, na mwingine umekumbatia kopo la plastiki ambalo Clarisse alikuwa amelijaza sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, walioletwa na mgeni. Kutoka metro hadi jukwaa la mabasi pale Gare du Nord ni hatua chache kwa mtu mzima. Sisi tulitumia muda wa kutosha kujuana na wauza waffle wote njiani.

Gare du Nord hadi Calais

Basi lilikuwa la London, limejaa. Papa alikaa upande wa njia ili anyooshe mguu, mimi dirishani, na ng'ambo ya njia alikaa dada mmoja Mkenya, Mercy, muuguzi, aliyekuwa akienda kumwona mdogo wake. Alitusikia tukiongea, akageuka kwa furaha.

"Aki, nyinyi mnaongea Kiswahili! Ya wapi hiyo, though?"

"Ya Bukavu," Papa akasema. "Ile ya kweli."

Walianza kupendana hapohapo. Papa akamwambia kwamba angependa kusafiri na bibi yake, lakini bibi yake alifariki.

"Woi, pole sana mzee," Mercy akasema. "Alikuwa amezeeka sana, ama?"

"Aapana. Cinquante-neuf tu."

Nikaona Mercy akihesabu kimoyomoyo. Akamtazama Papa, nywele nyeupe, mikunjo yote ile, akajaribu kuelewa jinsi mtu wa umri huo alivyokuwa na bibi wa miaka hamsini na tisa. Akauliza kwa upole kama yule bibi alikuwa wa upande wa mama au wa baba. Papa naye akashangaa: "Namna gani wa mama? Miye mwenyewe nilimuoa!"

Nikaingilia kati kabla mambo hayajaharibika. Nikaeleza kwamba Bukavu bibi ni mke. Mercy aliweka mkono mdomoni, mabega yakitikisika, akiomba msamaha huku akicheka, na Papa alicheka mpaka akashika nyonga. Alisema marehemu mwenyewe angekasirika, maana hata siku moja hakupenda kuitwa mzee.

Baada ya Ghent akafungua kopo la sambaza. Kama hujawahi kufungua sambaza ndani ya basi lililofungwa madirisha, sitakueleza. Kijana mmoja mbele aliinuka akanusa hewa, akatazama dari. Papa akampelekea kopo, yule kijana akachukua mmoja kwa woga, kisha akarudi kuchukua wengine. Kufika mpakani mwa Ufaransa kopo lilikuwa limezunguka nusu ya basi, na Papa alikuwa amesimama kwenye njia, ameegemea kiti, akifundisha.

"Mille soixante-six! Harold iko na vita mbili. Ku kaskazini, ba Norvégiens. Anaenda, anabapiga, anashinda. Bon. Anakaa kula, banamuambia: Guillaume amefika ku kusini! Anarudi na miguu, inchi yote, batu bamechoka. Na bengi si askari. Ni balimaji! Bameacha mavuno yabo."

"Na Wabelgiji walikuwa wapi?" kijana wa sambaza akauliza kwa Kifaransa, maana Papa alikuwa akitafsiri kila sentensi kwa ajili yake.

"Watu wa Flandre, mababu zenu, walikuwako, upande wa Guillaume," Papa akajibu kwa Kifaransa, akimtazama kwa lawama kana kwamba kijana mwenyewe alishiriki.

Calais hadi Dover

Bandarini Calais wote hushuka kukaguliwa na Waingereza. Ofisa alikuwa mwanamke mwenye miwani, amechoka. Akamwuliza Papa anakwenda Uingereza kufanya nini. Hapa ni lazima mjue kwamba mji uliojengwa pale walipopigana unaitwa Battle, yaani Vita. Ndilo jina lake, kama vile mtu angeita mji wake Msiba. Papa alikuwa amefanya mazoezi ya Kiingereza njia nzima, akajinyoosha, akajibu kwa sauti ya darasani kwamba tunakwenda vitani.

Ofisa akavua miwani.

"Vitani?"

"Ndiyo, madame. Mimi na huyu." Akanionyesha kwa fimbo.

Sitaki kukumbuka sura yangu wakati ule. Kiingereza changu kidogo nilichonacho kikakimbia chote. Mercy, Mungu ambariki, akasukuma watu wawili akaja kueleza kuhusu mji, mwalimu na Harold. Ofisa akavaa miwani tena. Akasema mume wake naye ana ugonjwa huohuo, wikendi zote anavaa vazi la minyororo kama askari wa kale, na akamtakia Papa ushindi. Papa akamsahihisha kwamba hatuendi kushinda, sisi ni watu wa Harold.

Kisha upepo. Meli hazikuondoka. Tulikaa ndani ya basi, tukazunguka choo cha bandari, tukanywa kahawa mbaya, tukarudi basini. Abiria walinung'unika. Papa peke yake ndiye aliyefurahi, kwa sababu Guillaume pia alizuiwa na upepo upande huuhuu wa bahari, na tena kwa majuma. Kila mtu aliyelalamika aliambiwa habari za Guillaume.

Tulipopanda meli hatimaye, bahari ilikuwa bado na hasira. Nilimkalisha Papa karibu na dirisha kubwa, nikamletea chai. Mercy alikuwa amelala. Papa alitazama maji, kisha akasema bila kunigeukia:

"Rajabu. Mardi miye sitaenda."

"Hutakwenda wapi Jumanne, Papa?"

"Ku hôpital. Clarisse asijue kwanza."

Nikaweka kikombe chini. Akaniambia habari ya kaka yake mkubwa, Faustin. Alikuwa na ngiri, jambo dogo. Walimpa dawa ya usingizi asubuhi, akiwatania wauguzi, akimwambia Papa amtunzie viatu. Hakuamka.

"Nilikuwa njee ya mlango na viatu mu mikono," Papa akasema. "Siogope kisu, unasikia? Niko naogopa ule usingizi. Mutu anakuambia hesabu, unahesabu, na kiisha uko wapi? Juu ya ile nilisema, acha nione kilima changu, niwe nimemaliza. Kiisha nitatembea na fimbo mpaka siku Mungu anapenda."

Ningeweza kumwambia kwamba dawa za leo si za zamani zile, kwamba Clarisse mwenyewe huwaona wagonjwa wakiamka kila siku. Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mwalimu anayesikiliza jibu alilokwisha kulikosoa. Basi nikakaa na siri ambayo sikuiomba, na majabali meupe ya Dover yakaanza kuonekana kwenye mvua.

Dover hadi Battle

London tuliiona kwa kupita. Mercy alituweka kwenye treni ya kusini, akamkumbatia Papa, akamwambia "bye, babu," kisha akauliza haraka kama hilo nalo lina maana mbaya Bukavu.

Battle ni mji mdogo, barabara moja kuu, lango kubwa la mawe, na nyumba zilizoinama kidogo kama zinasikiliza. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mmoja mnene mchangamfu, na chakula chake cha asubuhi kilikuwa kama karamu ya arusi: mayai, maharage, uyoga, na soseji. Nikamwambia kwa ishara na kwa Kiingereza changu kwamba soseji hizo sili. Akaelewa kwamba sipendi aina ile. Akaziondoa kwa huruma, akaniletea nyingine, nyeusi, akifurahi kama aliyepata suluhisho. Papa akainusa, akaniuliza kama najua imetengenezwa na nini.

"Nini?"

"Damu. Ya nguruwe."

Alizila zote kwa niaba yangu, mama asije akavunjika moyo. Mimi nilikula maharage.

Kilimani

Nilitegemea mlima. Papa kwa miaka yote alikuwa akisema kilima, kilima, na mimi natoka nchi ya vilima. Kumbe ni mteremko tu wa majani, na magofu ya abasia, makao ya kale ya watawa, juu, na kondoo kwa mbali. Nilimtazama nikiogopa kwamba atavunjika moyo. Alisimama na fimbo yake, tai ikipepea, akaanza kuonyesha kwa kidole: misalaba hapa, viduara kule, matope pale chini, farasi walipokwama. 

"Ni kadogo," akasema. "Rajabu, ni kadogo kabisa. Na batu bote bale."

Siku hiyo kikundi cha wapenda historia kilikuwa kikiwaonyesha wageni jinsi watu walivyopigana. Kiongozi, mwanamke aliyevaa gauni la sufu na kipaza sauti, alijitambulisha kwa jina la Gwen. Aliomba wa kujitolea kupanga ukuta wa ngao. Watoto wakamiminika kama kumbikumbi, wakapewa ngao za mbao na mikuki ya sponji. Watu wazima wakatazama viatu vyao. Papa akanyanyua fimbo.

Gwen alinitazama mimi. Nikakumbuka jikoni kwa Clarisse. Nikamwambia Papa hapana, akaniambia mimi si mama yake, tukakubaliana kwamba atasimama mstari wa mbele lakini mimi nitakuwa nyuma yake, mikono yangu kwenye mkanda wake, kama tunavyosimama bafuni asubuhi. Ndivyo nilivyovishwa ile kofia ya chuma. Ilikuwa kubwa, ikinishuka machoni kila nikipumua.

Wanormani walikuwa wanaume watano wenye ndevu na ngao ndefu. Walipanda mara ya kwanza wakipiga kelele, watoto wakasukuma, ngao zikalia kwa! kwa! kwa!, wakarudi. Wakapanda tena, wakarudi. Mara ya tatu wakafika nusu, wakashtuka kama waliotishwa, wakatupa mgongo na kukimbia. Hapo ndipo watoto walipotakiwa wawafukuze, kama walivyofanya wale walimaji wa Harold, ukuta uvunjike, Wanormani wageuke na kuwamaliza. Gwen alikuwa ametegemea watoto wafanye hivyo bila kuambiwa. Na walikuwa wameshainua miguu.

"ARRÊTEZ!" Papa akanguruma. "Musishuke! Kila mutu abaki fasi yake!"

Hakuna mtoto hata mmoja pale aliyejua Kifaransa, achilia mbali Kiswahili cha Bukavu. Lakini sauti ya mwalimu wanaijua. Wote wakasimama tuli. Msichana mmoja alibaki na mguu hewani.

Wanormani walikimbia hadi chini kabisa, wakageuka na panga zao tayari, na hakukuwa na mtu. Wakatazamana. Mmoja akapanda polepole kuuliza kama kuna tatizo. Watazamaji wakaanza kucheka, watoto wakagundua kwamba wameshinda, wakaruka na kupiga ngao, na Gwen akatangaza, sauti ikimkwama kwa kicheko, kwamba mfalme Harold ameshinda vita.

Nilimpiga Papa begani. "Tumeshinda, Papa!"

Hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja uso kama aliyeona kosa ubaoni.

"Non, non, non. Tumefanya nini? Hatuwezi kushinda. Bale batoto batarudi ku nyumba na uongo."

Akajikokota hadi kwa Gwen, mimi nikiwa nimeng'ang'ania mkanda, akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba, madame, samahani sana, ni lazima tufe.

Basi vita vikarudiwa. Safari hii Wanormani walipokimbia, Papa mwenyewe akageukia watoto, akanyoosha fimbo bondeni, akatoa amri ya kushuka. Wakatupita kama mafuriko, wakipiga mayowe, nasi nyuma yao, hatua, pumziko, hatua. Nilikuwa nasali kimoyomoyo. Tulipofika kwenye vita, watoto wengi walikwisha kufa kwa furaha, wengine mara mbili. Mnormani mmoja mkubwa akaja mbele ya Papa, akamgusa kifuani kwa ncha ya upanga, polepole kabisa, akasema samahani bwana.

Sasa mtu mwenye nyonga mbovu anakufaje? Kile kilikuwa kifo kirefu kuliko vyote vya kilima kile. Goti la kulia kwanza, nikamwambia. Mkono hapa. Mnormani akatupa upanga akashika kwapa lingine. Papa alikuwa akitoa maelekezo na yeye. Tukamlaza chali, salama, suti kwenye majani. Nikalala kando yake, kwa sababu nilikuwa Msaksoni nami nilipaswa kufa.

 Nilitazama mawingu. Kushoto na kulia walikuwa watu wamelala kwenye majani, na kwa kitambo kidogo sikuwa tena Uingereza, nilikuwa Buyenzi, na mimi ni mtoto wa siku za vita, na nimeambiwa nisitazame pembeni ya barabara nikipita. Nilishika majani. Yalikuwa na maji na baridi.

Kisha kipaza sauti kikakoroma, na Gwen akasema, kwa uchangamfu, kama mtu anayetangaza chai, kwamba wafu wote sasa wanaweza kuinuka.

Wakainuka. Wote. Mteremko mzima uliota watoto, wakijipangusa, wakigombania nani aliua nani, na watu wakapiga makofi. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho, nikabaki chini, machozi yakiingia masikioni, na kofia ikanisaidia kuyaficha.

"Rajabu," Papa akaniita kutoka majanini. "Amesema nini ule mama?"

"Amesema wafu wainuke, Papa."

"Bote?"

"Wote."

Akafikiri.

"Alors, nisimamishe."

Baadaye tulikaa kwenye benchi karibu na lango, mgongo wa suti yake ukiwa kijani kibichi, tukila samaki na viazi vya kukaanga kutoka kwenye karatasi. Alisema samaki wa Waingereza ni mkubwa lakini hana akili kama sambaza. Alikula mpaka mwisho, akafuta vidole kimoja kimoja, akakunja karatasi.

"Mardi ni saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi mapema, Papa."

"Bon," akasema. "Uniamshe."

Kurudi, na Jumanne

Safari ya kurudi haina cha kusimulia: bahari ilitulia, na Papa alilala kuanzia Dover hadi Gare du Nord, mdomo wazi. Clarisse alitupokea jukwaani, akamzungusha baba yake kama mtu anayekagua gari lililoazimwa, akaona mgongo wa suti.

"Rajabu. Hii nini?"

"Ni majani," nikasema.

"Nilikufa," Papa akasema. "Lakini hapana kuanguka. Muulize."

Jumanne tulikaa, mimi na Clarisse, kwenye korido. Yeye ni muuguzi na anayajua yote, na bado alikuwa amekunja mkanda wa mkoba wake hadi ukawa kama kamba. Sikumwambia habari ya melini. Anaisoma hapa kwa mara ya kwanza, anisamehe.

Wakamrudisha chumbani akiwa ameamka nusu, macho ameyafumba. Muuguzi kijana akaja na maswali yao ya kawaida, ya kupima kama akili imerudi. Jina lako? Papa akalitaja, taratibu, pamoja na la ukoo na la ubatizo. Uko mji gani? Brussels. Vizuri sana, bwana. Tuko mwaka gani?

Papa akalamba midomo iliyokauka.

"Elfu moja sitini na sita," Papa akasema kwa Kifaransa.

Kalamu ya muuguzi ikasimama. Clarisse akanishika mkono kwa kucha. Muuguzi akainama karibu zaidi, akaongea polepole, kama na mtoto.

"Bwana, unaweza kuniambia mfalme wetu ni nani?"

Papa akafungua jicho moja. Akanitafuta chumbani mpaka akanipata, kisha akamgeukia yule binti.

"Inategemea," akasema. "Unauliza asubuhi au jioni?"